Neurontin: dawa ya kifafa iliyouzwa kama dawa ya kila kitu, na kesi iliyoibua yote

Mtaa wa Dawa (mtoa uzi):

Wakuu heshima kwenu. Leo nataka tuongee kesi moja ya Marekani ambayo naona kila anayemeza dawa na kila anayewaandikia watu dawa anatakiwa aijue, kesi ya Neurontin. Dawa yenyewe ni gabapentin, na famasi kubwa hapa Dar leo unaikuta, inaandikwa sana kwa watu wa kisukari ambao miguu inawaka moto usiku na kwa wale waliopona mkanda wa jeshi ila maumivu yakabaki. Watu wakitaka kusema ubaya wa makampuni ya dawa wanakimbilia OxyContin, ile dawa kali ya maumivu yenye uraibu, na ni kweli ile iliua watu wengi mno, ila mimi Neurontin ndo inaniuma zaidi kwa sababu hapa dawa haikuwa sumu wala haikuwa feki, ilikuwa dawa halali yenye kibali chake, ubaya wote ulikuwa kwenye namna ilivyouzwa. Ni ndefu, nitaileta kwa vipande.

Tuanze na sheria maana bila hiyo mengine hayatakaa. Kule Marekani tangu 1962, baada ya lile balaa la thalidomide, dawa waliyopewa wajawazito, lililozalisha watoto wasio na mikono na miguu hasa Ulaya, kampuni haiwezi kuuza dawa mpaka iithibitishie FDA kwamba dawa ni salama NA kwamba inafanya kazi kwa ugonjwa uliotajwa. FDA ndo mamlaka yao ya dawa, kama TMDA yetu. Ikishapita, kinaandikwa kwenye lebo: dawa hii ni ya ugonjwa huu, kwa dozi hii. Sasa daktari hafungwi na lebo, yeye akiona mgonjwa wake anaweza kusaidika na dawa hiyo kwa ugonjwa mwingine anamwandikia na hajavunja sheria yoyote. Kampuni ndo imekatazwa, haina ruhusa ya kuipigia debe dawa kwa ugonjwa ambao hauko kwenye lebo. Daktari ruksa, kampuni marufuku, na pesa yote ya kesi hii ilipita kwenye mwanya huo.

Desemba 1993 FDA ikaipitisha Neurontin ya kampuni ya Parke-Davis, ambayo ilikuwa chini ya Warner-Lambert. Ikapitishwa kama dawa ya nyongeza tu ya kifafa, yani mgonjwa yuko kwenye dawa nyingine, haimtoshi, ndo unamuongezea hii, na dozi mwisho miligramu 1800 kwa siku. Soko la hivyo ni dogo. Kampuni ikapiga hesabu zake, na tunazijua hesabu hizo kwa sababu nyaraka za ndani zilikuja kutolewa mahakamani: kufanya tafiti kamili kwa kila ugonjwa mpya na kurudi FDA kunachukua miaka na mamilioni, na hati miliki ya dawa inaelekea kuisha, kwa hiyo wenye kufaidi watakuwa watengenezaji wa dawa za bei rahisi. Wakachagua njia nyingine, wasirudi FDA kabisa, waifikishe habari kwa madaktari kupitia makala na semina na watu wao wa kuzunguka mahospitali.

Mwaka 1996 wakamuajiri jamaa anaitwa David Franklin. Huyu ni mtaalamu wa mikrobiolojia, alikuwa mtafiti Boston pale Dana-Farber, kituo kikubwa cha saratani. Kazi aliyopewa ilikuwa ya uhusiano wa kitabibu, yani siyo muuzaji, ni mtaalamu anayejibu maswali ya kisayansi ya madaktari, na hapo ndo penyewe, kwa sababu muuzaji akianza kuongelea matumizi nje ya lebo anakuwa amevuka mstari waziwazi, lakini "mwanasayansi" akiulizwa na daktari anaruhusiwa kujibu. Kwa maelezo yake kilichotokea ni kwamba wao wanasayansi ndo wakageuzwa wauzaji. Alitambulishwa kwa madaktari kama "Dokta Franklin" mwenye utaalamu kwenye magonjwa ambayo hakuwahi kuyasomea.

Na maagizo yenyewe hayakuwa ya kuficha ficha. Kwenye ushahidi kuna maneno ya bosi mmoja akiwaambia watu wake kwamba kazi ni kumshika daktari mkono na kumnong'oneza sikioni, Neurontin kwa maumivu, Neurontin peke yake bila dawa nyingine, Neurontin kwa baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), Neurontin kwa kila kitu. Bosi huyohuyo akasema hataki kuona mgonjwa anatolewa kwenye dawa kabla hajafika angalau miligramu 4800 kwa siku, na hataki kusikia habari za usalama. Rudi juu ukaangalie lebo ilisema ngapi.

Franklin alikaa miezi michache tu akaacha kazi, akaondoka na nyaraka na rekodi za ujumbe wa simu, akamtafuta wakili, na Agosti 1996 akafungua kesi mahakama ya shirikisho Boston.

Naendelea kesho na mbinu zenyewe.

Mamu wa Tanga:

Kaka endelea tafadhali, bibi yangu anatumia hiyo gabapentin toka mwaka jana baada ya mkanda wa jeshi na kusema ukweli inamsaidia, sasa umenitia hofu.

Mtaa wa Dawa:

Dada usiogope na tena usimwachishe. Hilo ni muhimu niliseme mapema kabla mtu hajafanya la kwake huko nyumbani: gabapentin haikatwi ghafla, kwa mtu wa kifafa inaweza kuleta degedege na hata asiye na kifafa anaweza kuumwa vibaya, anayetaka kuacha anapunguziwa polepole na daktari. Na kwa maumivu ya baada ya mkanda wa jeshi FDA yenyewe ilikuja kuipitisha Mei 2002 baada ya kampuni kuleta tafiti. Bibi yuko sehemu ambayo ushahidi upo.

Mtaa wa Dawa:

Haya wakuu, kipande cha pili, mbinu.

Ya kwanza ndo iliyonikera kuliko zote. Kampuni ilikuwa inawalipa madaktari ili mtu wake wa mauzo akae ndani ya chumba daktari anapoona wagonjwa. Fikiria umeingia kwa daktari, umevua shati, unaeleza shida zako za ndani kabisa, pembeni amekaa mtu ambaye hujui ni nani, mgonjwa akitoka yule mtu anamshauri daktari kwamba huyu angefaa Neurontin. Serikali iliitaja hii waziwazi ilipotangaza mwisho wa kesi. Hapo mgonjwa hakuuzwa kwa mfano wa maneno, aliuzwa kabisa, kuna mtu alilipwa ili mwingine akae amtazame.

Ya pili ni safari. Madaktari walipelekwa Florida, Hawaii, na Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, kwa jina la mikutano ya washauri. Unaitwa "mshauri" wa kampuni, unalipwa na posho, ushauri wenyewe ni kukaa unasikiliza mada kuhusu matumizi ya Neurontin nje ya lebo.

Ya tatu ni semina za elimu endelevu, hizi ambazo daktari anahudhuria ili apate alama za kuhuisha leseni. Zinatakiwa ziwe huru, kampuni itoe pesa ila isiguse mada. Hapa kampuni ilikuwa inachagua mada na wazungumzaji, na ikapandikiza watu wake kwenye ukumbi kazi yao ni kunyoosha mkono na kuuliza maswali yaliyopangwa ili jibu liipambe Neurontin. Daktari aliyetoka wilayani huko na nia njema ya kujifunza anarudi kituoni kwake akiamini amesikia mjadala wa kisayansi.

Ya nne makala. Kampuni za uandishi zililipwa kuandaa makala za kitabibu, halafu wakatafutwa madaktari wa kulipwa waweke majina yao juu. Ukisoma jarida unaona jina la profesa.

Ya tano hii ilikuja kujulikana vizuri baadaye sana, mwaka 2011, watafiti walipochambua nyaraka za kesi na kuchapisha kwenye Archives of Internal Medicine. Kulikuwa na utafiti mmoja unaitwa STEPS, kwenye karatasi ulikuwa wa kupima usalama wa kupandisha dozi. Ulikuwa na wagonjwa 2,759 na madaktari watafiti 772. Gawanya hapo, hata wagonjwa wanne kwa daktari mmoja hawafiki. Hakuna anayefanya utafiti wa maana hivyo. Lengo lilikuwa wale madaktari 772 wazoee kuandika dawa na kupandisha dozi, na watu wa mauzo ndo walikuwa wanasaidia kujaza taarifa za wagonjwa. Wagonjwa waliosaini kushiriki waliamini wanasaidia sayansi.

Sasa angalia matokeo. Kwa takwimu za wizara ya sheria ya Marekani mauzo ya Neurontin mwaka 1995 yalikuwa dola milioni 97.5. Mwaka 2003 yakafika karibu dola bilioni 2.7. Kwa dawa ya nyongeza ya kifafa!

Ngosha_84:

Mkuu mimi nimefanya kazi ya medirep, yani mtu wa mauzo wa kampuni ya dawa, hapa nchini miaka kadhaa, kampuni siitaji. Mambo ya kalamu, makoti, chakula cha mchana kwa idara nzima, daktari mkubwa kulipiwa kongamano nje, hayo nimeyaona na nimeyafanya. Targeti inakukaba kila mwezi, usipofikisha unaitwa. Lakini tuseme ukweli pia, madaktari wengi wa mikoani hawana muda wala intaneti ya kusoma majarida, mara nyingi medirep ndo anawaletea habari ya dawa mpya. Ukituondoa nani atawaeleza?

Mtaa wa Dawa:

Mkuu nashukuru umesema wazi, na swali lako ni zito. Ndo shida yenyewe ilipo. Franklin naye aliajiriwa kwa hoja hiyohiyo, kwamba madaktari wanahitaji mtu wa kuwaeleza. Wanahitaji kweli. Ila mtu anayelipwa bonasi kwa vidonge vilivyouzwa hawezi kuwa ndo chanzo cha habari za vidonge hivyo, hata awe muungwana vipi, kwa sababu siku atakayosema "hii dawa kwa ugonjwa huo haifai" anakuwa amejinyima mshahara wake mwenyewe. Hilo silaumu marepu, wengi ni vijana waliomaliza famasia wakakosa ajira serikalini. Nalaumu mpangilio. Kule kwenye Neurontin habari iliyowafikia madaktari kuhusu baipola ilikuwa kinyume cha utafiti uliokuwepo, maana kulikuwa na utafiti ambao kidonge kisicho na dawa yoyote ndani kilifanya sawa au vizuri kuliko Neurontin, na bado wakaendelea kuwanong'oneza. Na kwenye kuitumia peke yake kwa kifafa FDA ilishakataa, waliomba wakakataliwa, wakaenda kuuza hivyohivyo.

Mtu wa baipola akipewa dawa isiyomsaidia haina maana kwamba hajadhurika kwa sababu dawa siyo sumu. Ameikosa dawa ambayo ingemsaidia, na baipola ni ugonjwa ambao watu wanajiua.

mwanasheria_mdogo:

Naomba ueleze upande wa kisheria vizuri maana hapa naona tatizo. Aliyeandika dawa ni daktari, kwa hiari yake, na sheria inamruhusu. Kampuni imesababishaje hasara ya serikali? Mnyororo umekatika hapo kwa daktari. Mimi ningekuwa wakili wao ningesimama hapo hapo.

Mtaa wa Dawa:

Na ndipo waliposimama mkuu, umewasoma vizuri. Ngoja nieleze.

Sheria aliyotumia Franklin ni ya 1863, ya enzi za Lincoln, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wafanyabiashara walikuwa wanaliuzia jeshi vitu vibovu. Inasema anayesababisha serikali ilipe madai ya uongo anashtakiwa, na raia wa kawaida anaweza kufungua kesi kwa niaba ya serikali, akishinda anapata sehemu ya pesa, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 30 kutegemea serikali imejiunga au la. Sasa Medicaid, ile bima ya serikali kwa maskini, kwa matumizi nje ya lebo hailipi mpaka yawe yanatambuliwa kwenye vitabu maalum vya rejea. Kwa hiyo hoja ya Franklin ikawa hivi: kampuni ilijua kabisa kwamba ikimshawishi daktari aandike Neurontin kwa kipandauso, mgonjwa maskini ataipeleka famasi, famasi itadai Medicaid, na Medicaid italipa kitu isichotakiwa kulipa.

Kampuni ikajibu kama ulivyojibu wewe, daktari ndo aliyeandika, akili yake iko katikati. Jaji Patti Saris akakataa kuifuta kesi. Akasema huwezi kujificha nyuma ya daktari wakati mpango wako wote ulikuwa ni kumfanya daktari huyo aandike, matokeo uliyatarajia na ndiyo uliyoyatafuta. Kwa maoni yangu hapo ndo kesi ilipogeuka, na kesi nyingi za makampuni ya dawa zilizokuja baadaye zilipita kwenye mlango huo.

Ila kuna kitu cha kuuma hapo. Kesi za aina hii zikifunguliwa faili linafungwa kwa amri ya mahakama ili serikali ichunguze kimya kimya. Sheria inasema siku 60, serikali ikiomba inaongezewa, na ikaongezewa miaka. Muda huo Franklin haruhusiwi kuongea hadharani. Kesi imefunguliwa 1996 ikaisha 2004, na hiyo ndo miaka ileile ambayo mauzo yalitoka kwenye mamilioni yakaenda kwenye mabilioni. Wagonjwa waliendelea kuandikiwa, na ushahidi uko kabatini.

kiboko_ya_ruaha:

Ikaishaje sasa, nani alifungwa?

Mtaa wa Dawa:

Mkuu hakufungwa mtu.

Mei 2004 Warner-Lambert, ambayo wakati huo ilishanunuliwa na Pfizer tangu 2000, ikakiri makosa ya jinai na kukubali kulipa jumla ya dola milioni 430, kati ya hizo milioni 240 ni faini ya jinai, zilizobaki zikaenda kwenye madai ya Medicaid na ya majimbo. Pfizer ikasema hayo yalifanyika kabla haijainunua. Franklin akapata kama dola milioni 24.6.

Milioni 430 ukisikia unaona nyingi, kwa zile zama ilikuwa habari kubwa kweli. Ila chukua mauzo ya 2003, bilioni 2.7, gawa kwa miezi kumi na mbili. Adhabu yote ni kama mauzo ya miezi miwili. Kampuni inakaa miaka inavuna halafu inaambiwa rudisha ya miezi miwili, na walioketi kwenye vile vikao wakapanga, wakaagiza, wakanong'oneza, hakuna hata mmoja aliyesimama kizimbani kwa jina lake.

Na hili siyo la nadharia, angalia kilichofuata. Pfizer 2004 ilisaini mkataba wa maadili na serikali, ikaahidi. Wakati mawakili wake wako mezani wanamaliza mambo ya Neurontin, watu wake wa mauzo wako barabarani wanauza Bextra nje ya lebo, dawa ya maumivu ambayo FDA ilikataa isitumike kwa maumivu ya operesheni na kwa dozi kubwa. Bextra ikaondolewa sokoni 2005 kwa sababu ya hatari za moyo na ngozi. Septemba 2009 ikalipwa dola bilioni 2.3, wakati huo ndo ilikuwa kubwa kuliko zote za aina yake. Aliyekiri kosa safari hii ni kampuni tanzu, Pharmacia & Upjohn, na hiyo haikuwa bahati, kampuni ikipatikana na hatia inaweza kufungiwa kuiuzia Medicare (bima ya serikali kwa wazee) na Medicaid, kwa Pfizer yenyewe ingekuwa kifo, kwa hiyo akatolewa mtoto abebe.

Na wengine walikuwa foleni. Eli Lilly 2009 bilioni 1.4 kwa Zyprexa, dawa ya magonjwa ya akili iliyokuwa inasukumwa kwa wazee wenye kupoteza kumbukumbu. Abbott 2012 bilioni 1.5 kwa Depakote, dawa ya kifafa. GSK 2012 bilioni 3, ndani yake kuna Paxil, dawa ya sonona, iliyouzwa kwa watoto bila kibali. Johnson & Johnson 2013 zaidi ya bilioni 2.2, Risperdal, nayo dawa ya magonjwa ya akili. Mimi nikiiona orodha hiyo siamini kwamba faini ya Neurontin ilimtisha mtu yeyote.

Mamu wa Tanga:

Kaka mimi nabisha kidogo. Umesema mwenyewe kwa mkanda wa jeshi ilikuja kupitishwa. Kwa hiyo wale walioiandika kwa maumivu kabla ya 2002 walikuwa sahihi na FDA ndo ilichelewa. Kama madaktari wangesubiri karatasi, watu kama bibi yangu wangeteseka bure. Nesi mmoja hapa kwetu anasema hata kwa watoto dawa nyingi zinatumika nje ya lebo kwa sababu hakuna aliyezifanyia utafiti kwa watoto.

Mtaa wa Dawa:

Dada hoja yako ni ya haki na nesi yuko sahihi kabisa, kwa watoto na kwa saratani matumizi nje ya lebo ni kitu cha kila siku, ndo maana nilisema mwanzo daktari hatakiwi kufungwa mikono. Silaumu hata kidogo daktari aliyejaribu kwa mgonjwa anayeumia.

Lakini angalia tulivyojua kwamba kwa maumivu ya mkanda wa jeshi inafaa: kwa sababu mtu alifanya tafiti na matokeo yakapelekwa mahali yakahakikiwa. Hiyo ndo njia waliyoikwepa kwa magonjwa mengine. Waliuza kwa maumivu, kwa baipola, kwa kipandauso, kwa vingi, kimoja kikaja kupitishwa na FDA. Mgonjwa wa baipola hana faida yoyote na kwamba mwenzake wa mkanda wa jeshi alibahatika.

Halafu hata tafiti zilizochapishwa zilichezewa. Mwaka 2009 New England Journal of Medicine ilitoa uchambuzi, watafiti walichukua nyaraka za ndani za kampuni zilizotoka kwenye kesi wakazilinganisha na makala zilizochapishwa. Kwenye tafiti 12 zilizokuwa zimechapishwa, 8 kipimo kikuu kilichoripotiwa hakikuwa kile kilichopangwa mwanzo. Yani walianza wakisema tutapima hiki, kikagoma, wakatafuta kingine kilichotoka vizuri wakakiweka mbele kama vile ndo kilikuwa lengo tangu mwanzo. Daktari anayesoma nakala iliyochapishwa hana njia ya kujua. Hata yule mwenye muda na intaneti, mkuu Ngosha, angedanganywa vilevile.

kiboko_ya_ruaha:

Kwa hiyo Pfizer ilitoka hivyo tu na milioni 430?

Mtaa wa Dawa:

Hapana, kuna kipande ambacho wengi hawakijui. Serikali ilimaliza yake 2004, ila bima za binafsi nazo zililipia vidonge hivyo. Kaiser, shirika kubwa la bima na hospitali, wakaenda mahakamani wakatumia sheria ya RICO, ile iliyotungwa kwa ajili ya magenge ya mafia. Machi 2010 jopo la raia Boston likakubali kwamba kulikuwa na mpango wa udanganyifu, likaweka hasara ya Kaiser dola milioni 47, na chini ya RICO hasara inazidishwa mara tatu, ikafika milioni 142. Pfizer ikakata rufaa ikashindwa 2013, na 2014 ikakubali milioni 325 kumaliza madai ya bima na walipaji wengine. Kaiser walishinda kwa kuonyesha kwamba wao wana kamati yao inayopanga dawa gani zitumike, na kamati ile ilipewa habari za upande mmoja. Tena hata daktari wa Kaiser aliyepewa miongozo ya ndani isiyomhimiza Neurontin alibadilika akapunguza kuandika, ikaonyesha kwamba habari ndo ilikuwa inasukuma kalamu.

mwanasheria_mdogo:

Na hali ikoje sasa? Nimesikia mahakama ziliwapa makampuni uhuru wa kusema.

Mtaa wa Dawa:

Ni kweli na inanitia wasiwasi. Desemba 2012 mahakama ya rufaa ya shirikisho pale New York ilifuta hatia ya medirep mmoja, Alfred Caronia, aliyekuwa anauza Xyrem, dawa ya ugonjwa wa kusinzia ghafla. Alirekodiwa akimweleza daktari matumizi nje ya lebo, na majaji wawili kati ya watatu wakasema kumtia hatiani kwa maneno ya kweli tu kunavunja uhuru wa kusema uliomo kwenye katiba yao. Maneno ya uongo bado ni kosa, ila sasa mzigo wa kuonyesha kwamba yalikuwa ya uongo unakuwa mkubwa, na mmeona hapo juu jinsi utafiti unavyoweza kupindwa bila uongo wa wazi.

Upande mwingine kuna Insys. Hawa walikuwa wanauza dawa ya kupuliza ya fentanili, Subsys, iliyopitishwa kwa maumivu makali ya wagonjwa wa saratani tu. Wakawa wanawalipa madaktari kwa jina la posho za mihadhara ili waiandike kwa watu wasio na saratani, na wafanyakazi wao wakawa wanapigia simu bima wakidanganya kuhusu ugonjwa wa mgonjwa. Mei 2019 Boston hiyohiyo mwanzilishi wao, John Kapoor, bilionea, akatiwa hatiani na wenzake wanne, na Januari 2020 akapewa miezi 66 jela. Hapo mtu kwa jina lake alifungwa. Mimi hiyo miezi 66 naiona ni kubwa kuliko mabilioni yote niliyoyataja.

Ngosha_84:

Na kwetu mtu kama Franklin angelindwa?

Mtaa wa Dawa:

Mkuu sheria ipo, ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015. Matangazo ya dawa pia yanatakiwa kupita TMDA, na dawa za cheti hazitangazwi kwa wananchi, kwa hilo tuko mbele ya Marekani ambako televisheni imejaa matangazo ya dawa za cheti. Lakini mchezo wote niliouelezea haukupita kwenye televisheni hata kidogo, ulipita kwenye chakula cha mchana, semina, safari na chumba cha daktari, vile vile ulivyovitaja wewe. Hatuna ile sheria ya 1863 inayompa raia haki ya kuishtaki kampuni kwa niaba ya serikali na kugawana pesa. Kwa kesi ya Bextra mtoa taarifa mmoja, John Kopchinski, aliyekuwa medirep wa Pfizer, alipata zaidi ya dola milioni 50, na alipambana miaka bila kazi ya maana na familia inamtegemea. Bila ile pesa mwishoni wangapi wangethubutu? NHIF, mfuko wetu wa taifa wa bima ya afya, inalipia dawa kwa mabilioni ya shilingi, mtu wa ndani akijua kuna dawa inasukumwa isivyotakiwa, hatuna njia kama ile ya kumfanya aone inamlipa kusimama.

Anayetaka kusoma mwenyewe, nyaraka za Neurontin ziko bure mtandaoni kwenye hifadhi ya nyaraka za makampuni ya dawa ya chuo kikuu cha California, San Francisco, ni zilezile zilizotolewa kwenye kesi ya Franklin. Kuna barua za ndani, mipango ya makala, bajeti za semina. Mkuu mwanasheria_mdogo anzia kwenye mipango ya uchapishaji, halafu uje na maswali tuendelee.